Giaboksi ya gari nyingine kwenye Hilux ya zamani: dalili, chanzo na pa kuanzia kukagua

Hilux ya zamani ikifufuliwa siku hizi, ujue ndani yake kuna vitu vya gari tatu nne tofauti. Injini ya dizeli 2L au 3L imetoka kwenye Hiace, giaboksi imeshuka na kontena la used bila mtu kujua ilikuwa kwenye gari gani, klachi imenunuliwa Gerezani, Dar, kwa kulinganisha kwa macho na ile ya zamani iliyoshikwa mkononi, na propela (ile shafti ndefu inayokwenda nyuma) ndo ile ile iliyozaliwa na gari. Afu gari ikishafungwa gia zinagoma kuingia, au klachi inateleza, au inapiga kelele, na lawama zote zinaishia kwenye giaboksi. Inashushwa, inatafutwa nyingine, inapandishwa, tatizo liko pale pale. Nimeona hii kitu ikitokea sana na karibu kila mara giaboksi ilikuwa nzima, kilichokuwa hakipatani ni vile vitu vya katikati.

Kwahiyo kabla ya dalili shika hili moja, maana nitalirudia mpaka uchoke: kila kitu kinachokaa kati ya injini na giaboksi kina mabwana wawili. Diski ya klachi, lile tundu la katikati lenye meno ni la giaboksi, ila upana wake ni wa flaiwili (lile gurudumu zito nyuma ya injini) na presha pleti (inayoibana diski). Pailoti beringi (ile ndogo inayoshika ncha ya shafti), nje inafuata tundu la kranki (shafti kuu ya injini), ndani inafuata ncha ya shafti ya giaboksi. Beringi ya rilizi (inayosukuma presha ukikanyaga klachi), tundu lake linafuata lile bomba linalotokeza mbele ya giaboksi, uso wake unafuata vidole vya presha. Belihauzi, yani lile ganda pana linalofungwa kwenye injini, uso wa mbele ni wa injini na wa nyuma ni wa giaboksi. Hata propela, mbele ni giaboksi nyuma ni difu (gia za ekseli ya nyuma). Ukienda dukani ukasema "naomba klachi ya Hilux" umeshapotea, kwa sababu muuzaji atakupa klachi ya gari na wewe huna gari tena, una mchanganyiko.

Na majina yanachanganya watu. Toyota wana injini za R (18R, 22R, za petroli) na giaboksi za R (R150, R151), wana injini za L (2L, 3L, za dizeli) na giaboksi za L (L50, L52), na hivi vitu havina undugu wowote. Mtu anasikia "giaboksi ya R" anadhani ni ya injini ya 22R, analipa hela, anafika nyumbani anakuta lidude zito halikai popote. Uso wa nyuma wa injini za R, za L na za Y (2Y, 3Y) ni tofauti, matundu ya bolti hayalingani. Kinachookoa ni kwamba kwenye giaboksi za Toyota za familia za W, G na R belihauzi inafunguka, kwahiyo ukipata G iliyokuwa kwenye petroli unaweza kuivua belihauzi ukaiwekea ya dizeli, mradi nayo itoke kwenye G. Belihauzi ya W haikai kwenye G, usilazimishe.

Kabla hujapandisha

Najua hamu ya kupandisha inakuwaje, injini imeshakaa na vijana wa gereji wamejaa mikono, ila hapa nusu saa ya kupima inakuepusha na kushusha mara mbili. Chukua diski mpya peke yake, iingize kwa mkono kwenye shafti ya giaboksi ikiwa chini. Iteleze mpaka mwisho bila kugonga, na ukiishika pembeni ukaitikisa isiyumbe. Kuna shafti zinazolingana idadi ya meno ila unene wake umepishana kidogo, kwa macho utasema sawa kabisa, diski ikiingia inacheza kama pete ya kuazima. Hesabu meno kwa kuweka alama ya chaki kwenye jino la kwanza, usihesabu kwa kukisia.

Afu weka rula ya chuma kwenye uso wa belihauzi, pima ncha ya shafti imetokeza au imerudi ndani kiasi gani. Nenda kwenye injini, weka rula kwenye uso wa bloku, pima mpaka kwenye pailoti na mpaka mwisho wa tundu la kranki. Namba hizi mbili zikuambie kwamba ncha inaingia ndani ya pailoti na haigongi mwisho. Kama hesabu inakuchanganya bandika kidonge cha plastisini ya watoto nyuma ya pailoti, sogeza giaboksi mpaka ikae, ishushe, angalia plastisini imebaki unene gani. Zikibaki milimita 3 mpaka 5 uko salama, ikiwa imebondeka na kuwa karatasi basi shafti ni ndefu kwa injini hiyo.

Imepanda lakini haikai, imebaki na nafasi

Hii ndo dalili ya kwanza kabisa na ndo inayoharibu vitu vingi, kwa sababu ya ile tabia ya kusema "tia bolti uvute". Usivute na bolti. Belihauzi ni alumini, masikio yake yanapasuka, na hata yasipopasuka unaikunja diski katikati halafu unakuja kuhangaika na klachi isiyoachia bila kujua ulishaiua wakati wa kufunga.

Angalia nafasi iliyobaki ni kubwa kiasi gani, yenyewe inakuambia pa kutafuta. Ikibaki nafasi kubwa, kiganja hivi, shafti haijaingia kwenye diski, yani diski haijakaa katikati au meno si yake. Ikibaki kama unene wa kidole, shafti imeshapita kwenye diski na ncha inagonga pailoti. Ikiwa imekaa upande mmoja na upande mwingine iko wazi, kuna kitu kimebanwa pale, waya wa eathi, bati la vumbi, au doweli (zile pini mbili fupi za kuelekeza) haziko kwenye mashimo yake.

Kwenye pailoti kuna kitu watu hawakijui. Beringi namba 6201 ina tundu la 12 mm, nje 32 mm. Beringi namba 6002 ina tundu la 15 mm na nje 32 mm vile vile, imepungua unene milimita moja tu, 9 badala ya 10. Kwahiyo kama tundu la kranki yako linachukua 32 na ncha ya shafti imekuja 15, huhitaji kuchonga chochote, nenda duka lolote la beringi omba 6002 yenye sili za mpira pande zote mbili. Ikiwa kinyume, ncha ni nyembamba na beringi ni pana, giaboksi itakaa vizuri sana na hautajua, ila shafti itakuwa inaelea, na utarudi kusoma sehemu ya kelele huko chini. Vipimo vikiwa haviendani na beringi yoyote ya dukani mpelekee fundi mchongaji akutengenezee bushi ya shaba. Kupunguza ncha ya shafti kwenye mashine mi sikubaliani nako, ule uso mgumu wa nje ukishaondoka kilichobaki kinaliwa haraka.

Injini ikizimwa gia zinaingia, ikiwaka zinagoma

Hapa giaboksi haina kosa hata kidogo na ndo hapa inashushwa bure kuliko sehemu nyingine yoyote. Hakikisha hivi: simamisha gari sehemu tambarare mbele pawe wazi kabisa, injini imezimwa, tia gia ya kwanza, kanyaga klachi mpaka chini, piga stata. Gari ikijisukuma mbele na klachi umeikanyaga, klachi haiachii. Kipimo cha pili, injini ikiwa inawaka kanyaga klachi, hesabu polepole mpaka kumi, afu tia rivasi. Rivasi ya hizi giaboksi haina sinkro (zile pete za kulinganisha mwendo wa gia), kwahiyo shafti ikiwa bado inazunguka utasikia tu inavyosaga. Ikiingia kimya klachi iko sawa, tatizo lako ni la sinkro, ruka mbele.

Sasa ingia chini, mtu mwingine akanyage pedeli, wewe angalia ile fimbo ya silinda ya chini (iliyoko kwenye giaboksi, ya juu ni ile ya pedeli) inasukuma kiasi gani. Hapa kuna hesabu inayowapita mafundi wengi. Silinda ya juu ikiwa ya inchi 5/8 na ya chini ikiwa ya 3/4, pedeli ikisukuma pistoni ya juu 25 mm ile ya chini inatoka kama 17 mm. Ukiweka silinda ya chini ya 13/16 kwa sababu ndo iliyokuja na giaboksi, ile ile 25 mm inakupa chini ya 15. Milimita mbili tatu hizo ndo tofauti kati ya gia kuingia na gia kusaga. Utatoa hewa kwenye mfumo asubuhi mpaka jioni na hautapata kitu, maana hewa haimo. Angalia namba iliyoandikwa ubavuni kwenye silinda zenyewe, usiamini boksi la karatasi.

Silinda zikiwa sawa angalia foki (ule wenzo unaosukuma beringi ya rilizi) kupitia lile dirisha la belihauzi. Silinda ya chini inaisukuma ncha ya nje ya foki kurudi nyuma, kwahiyo kama foki inagusa ukingo wa nyuma wa dirisha kabla pedeli haijafika chini, safari imekwisha mapema, na maana yake beringi ya rilizi pamoja na kola yake (kipande kinachoibeba) ni fupi kwa presha hiyo, iko mbali na vidole. Flaiwili iliyochongwa sana inaleta ugonjwa huo huo, ukiondoa milimita moja kwenye uso wa flaiwili, klachi nzima imesogea milimita moja kuikimbia giaboksi. Dawa yake ni kola sahihi, au kuiinua ile nati yenye kichwa cha duara inayobeba foki kwa washa ngumu ya unene uliopungua. Kwanza kola, washa iwe ya mwisho.

Halafu kuna diski iliyofungwa kinyume. Upande wenye springi zilizotokeza unakaa kuelekea giaboksi, na mara nyingi imeandikwa kabisa kwenye bati ila maandishi yanafutika au hakuna anayesoma. Ikifungwa kinyume kile kitovu kinasugua vichwa vya bolti za flaiwili, utasikia mkwaruzo wa chuma pedeli ikiwa chini na klachi haitaachia hata ufanyeje. Na kwenye mchanganyiko inaweza kutokea hata ukifunga vizuri, bolti za flaiwili za injini hii vichwa virefu, kitovu cha diski ya giaboksi ile kinene. Ndo maana kabla ya kuweka presha shikilia diski kwenye flaiwili kwa mkono uizungushe, ukisikia inagusa chuma acha hapo hapo.

Klachi inateleza na ni mpya

Kinyume cha ile ya juu. Mlimani kwenye gia ya nne ukikanyaga mafuta injini inapanda sauti, gari haiongezi. Cha kwanza angalia foki tena. Ikiwa imesukumwa mpaka mwisho kuelekea injini na haina hata mchezo mdogo ukiitikisa kwa mkono, kola ni ndefu mno, beringi inavisukuma vidole vya presha muda wote, ni sawa na wewe kuendesha huku mguu uko kwenye klachi. Pedeli yenyewe juu inatakiwa iwe na mchezo wa kama 5 mpaka 15 mm kabla haijaanza kusukuma. Ukikuta fimbo ya silinda ya chini ina nati ya kurekebisha, rekebisha kwanza kabla ya kushusha kitu.

Cha pili ni mafuta kwenye diski, na hapa pua ndo kipimo. Mafuta meusi mepesi yametoka sili ya nyuma ya kranki. Mafuta mazito yenye harufu ile ya kiberiti ni ya giaboksi, yametoka sili ya mbele, na kwenye mchanganyiko chanzo kikubwa ni mtu kuhamisha lile bomba la mbele kutoka giaboksi moja kwenda nyingine ili apate urefu wa beringi anaoutaka. Linafunga, bolti zinaingia, ila sili yake ni ya shafti nene kidogo, au gasketi imewekwa unene ambao si wake na beringi ya ndani haikubanwa inavyotakiwa. Ukihamisha hilo bomba pima tundu la sili kwa venia na unene wa shafti, usijiridhishe na bolti kulingana.

Cha tatu ni presha kuwa ya gari nyepesi. Klachi za Toyota za hizi gari zipo za upana wa mm 200, 225, 236 na kuendelea, na flaiwili moja inaweza kuwa na matundu ya zaidi ya saizi moja. Pikapu inayobeba mchanga usiiwekee 200 kwa sababu ilikuwa na bei nzuri.

Kelele, na pedeli ndo inayokuambia

Weka nyutro, injini inawaka, sikiliza. Kelele ikiwepo ukiwa umeachia pedeli na ikafa ukikanyaga, ni beringi za ndani ya giaboksi, ya shafti ya mbele au za shafti ya chini. Kelele ikianza ukigusa tu pedeli kidogo, beringi ya rilizi. Ikianza pedeli ikiwa chini kabisa, hasa ukiwa na gia imeingia, pailoti, kwa sababu pailoti inafanya kazi pale tu injini na shafti zinapopishana mwendo. Hiyo ya mwisho ndo itamkamata yule aliyeacha beringi pana kwenye ncha nyembamba.

Kuna kelele isiyofuata pedeli na inaongezeka na muda, pamoja na diski kuisha haraka upande mmoja na pailoti kufa kila baada ya miezi michache. Hiyo ni belihauzi kutokaa katikati ya kranki. Inatokea doweli zikiwa hazipo, na doweli hazipo kwa sababu injini ilinunuliwa used na zilibaki kwenye belihauzi ya gari nyingine. Watu wanadhani bolti zinatosha kuelekeza, hazitoshi, matundu ya bolti yana nafasi ya kucheza. Mwenye dayal geji (ile saa ya kupimia yenye sindano) aifunge kwenye flaiwili, azungushe kranki kwa mkono akipima tundu la nyuma la belihauzi, sindano ikitembea zaidi ya kama 0.25 mm kwa mzunguko mzima anza kutafuta sababu. Asiye na geji atafute doweli kwanza, zinapatikana kwa wauza chuma chakavu, na kwa walioko Nairobi pale Kirinyaga Road utapata mtu mwenye debe lake.

Gia inaruka yenyewe

Usifungue giaboksi. Vua mpira wa liva na koni yote ya ndani, endesha liva ikiwa uchi. Kama gia imeacha kuruka, liva ilikuwa inagonga bati la sakafu. Hii ni ya kawaida mno kwenye hizi kazi maana liva ya giaboksi nyingine haitokezi pale pale, inapishana na tundu la zamani kwa sentimita kadhaa, na unapoondoka na mzigo injini inajinyanyua kwenye mauntingi (zile raba zinazoibeba), liva inasukumwa na bati, gia inatoka. Kata bati, usikunje liva. Watu wanaochukua W58 ya Mark II kwa sababu ni nyepesi na inabadilika vizuri wanakutana na hili, na wanakutana pia na gia ya kwanza ya 3.28 wakati W56 ya pikapu ni 3.95, yani kuondoka na mzigo kwenye kilima unachoma klachi. Kwenye gari ya kutembelea mjini sawa, kwenye pikapu ya kazi mi siitaki. Na giaboksi ya Hiace liva yake haikai juu yake moja kwa moja, kwahiyo hata ikilingana kila kitu bado una kazi ya kubadilisha mfuniko na mfumo wa liva.

Liva ikiwa inalegea kama kijiko kwenye kikombe kitupu na hujui uko gia gani, chomoa liva uangalie chini ya kile kichwa chake cha duara cha chuma. Kuna kikombe kidogo cha plastiki pale kinachoikalia, na giaboksi za used nyingi kinakuwa kimesagika au hakipo. Ni kitu cha bei ndogo sana na watu wanafungua giaboksi nzima kwa ajili yake.

Mauntingi ya giaboksi iliyopasuka, au krosimemba (kile chuma cha kukatiza kinachobeba giaboksi) iliyotobolewa matundu mapya kwa kukadiria, nayo inatosha kutoa gia. Baada ya hayo yote ndo unaweza kufikiria ndani. Ikiwa ni ya tano tu inayoruka au imepotea kabisa, kwenye W na G ya tano iko nyuma, unaifikia kwa kuvua mkia bila kufumua boksi lote, angalia ile nati kubwa ya nyuma ya shafti ya chini, ikilegea gia inasafiri.

Umefungua ndani na ukachanganya gia

Hapa kuna waliochukua giaboksi mbili mbovu wakatengeneza moja. Inawezekana, ila gia zinakwenda kwa jozi. Shafti ya mbele ina gia yake inayoshikana na gia ya mbele ya shafti ya chini, ukibadili moja tu kutoka kwenye giaboksi yenye uwiano mwingine meno hayatalingana, itazunguka kwa mkono mezani na utafurahi, barabarani italia kama king'ora na itasaga meno. Hesabu meno ya zote mbili na ya zile mlizotoa, andika.

Ikifungwa ikawa imejikaza, haizunguki, au unaweza kuingiza gia mbili kwa wakati mmoja, kuna vipini vidogo vya kuzuia kati ya shafti za foki ambavyo havikurudi, au vilirudi kimoja badala ya viwili. Hivi vinadondoka kimya ukiwa unafumua, vinabingirika chini ya meza na hakuna anayejua vilikuwepo. Na ukitia gia ukahisi haina ule mgongo wa kuingia, inaelea tu, ni golori na springi zake.

Gia zikisaga kwenye ya pili na ya tatu wakati klachi umeshaipima na inaachia, ni pete za sinkro. Ibane pete kwa mkono kwenye koni ya gia yake, pima nafasi iliyobaki kati ya meno ya pete na meno ya gia kwa fila geji (vibati vya kupimia nafasi). Kikomo cha Toyota kwa hizi giaboksi ni 0.8 mm, ikiwa chini ya hapo pete imekwisha hata kama inang'aa. Pete ya giaboksi nyingine inaweza kukaa kwenye koni na bado isiwe yake, pembe ya koni ikipishana kidogo inashika ukingo tu. Kabla ya kulaumu pete lakini, umeweka mafuta gani? Mafuta mengi ya daraja la GL-5 ni ya difu, yanateleza kupita kiasi kwa sinkro na viongezeo vyake si rafiki wa shaba. Weka 75W-90 ya GL-4, tembea nayo kidogo, ndo uamue.

Gari inatetemeka

Ikitetemeka wakati wa kuondoka tu ni pembe ya propela au beringi ya katikati kwa zile ndefu zenye propela ya vipande viwili. Ikitetemeka kuanzia spidi fulani na kuongezeka, ni balansi au krosi (viungo vya propela) zimefungwa bila kufuatana, nira (uma zinazoshika krosi) za pande mbili za kipande kimoja lazima zilale sawa.

Urefu ndo unasahaulika. Giaboksi mpya ikiwa ndefu, propela inakuwa imebanwa, gari ikibonyea kwenye shimo inasukuma ndani na kupiga beringi na sili ya nyuma, kwahiyo sili inayovuja kila ukibadilisha inaweza kuwa ni propela ndefu. Ikiwa fupi, yale meno ya kuteleza yanashika kipande kidogo tu na yanaliwa. Gari ikiwa imekaa chini na uzito wake, acha kama 25 mm za kuingia ndani. Kurefusha na kupunguza ni kazi ya karakana yenye mashine ya balansi, si ya welding ya barabarani.

Kwa walio na 4x4, transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) nayo ina mabwana wawili. Transfa zilizotoka nyuma ya injini za petroli za silinda nne zisizo na tabo zina meno 21 pale zinapopokea, zile za nyuma ya R150F na R151F zina 23. Hazichangamani, na urefu ukibadilika unabadilisha propela zote mbili, ya nyuma inapungua na ya mbele inaongezeka au kinyume chake.

Vidogo vya mwisho

Stata ikilia kwa kusaga: stata inafuata flaiwili kwa meno na inafuata belihauzi kwa kukaa. Ukichukua flaiwili ya huku na belihauzi ya kule lazima upime kidogo kidogo, angalia meno ya pete ya flaiwili yanalika wapi, kama yanalika ncha tu stata haifiki.

Taa ya rivasi ikiwaka kwenye nyutro au isipowaka kabisa, giaboksi hizi zinaweza kuwa na swichi zaidi ya moja zinazofanana, ya rivasi, ya nyutro, ya 4x4. Chomoa waya, weka mita kwenye pini za swichi, tia gia moja moja mpaka ujue ipi ni ipi.

Spidomita ikidanganya ni kile kigia cha plastiki kinachoingia ubavuni. Meno yakizidi, mshale unasoma pungufu. Kama sahihi ni meno 30 na umefungiwa chenye 33, ukienda kilomita 100 kwa saa mshale utasema kama 91. Washa GPS ya simu, nenda spidi moja, linganisha, afu tafuta kigia kwa hesabu hiyo. Ndo maana giaboksi ya zamani usiipeleke kwa wauza chuma chakavu kabla hujachomoa hicho kigia na shina lake, kile kikombe cha liva kama bado kizima, na doweli zikiwa zimebaki kwenye belihauzi.